Asiyekuwepo, na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya watu wanaogawana nyama: ukichelewa kufika, usinung'unike ukikuta mfupa. Kwa mwenye miguu ya kumfikisha, macho ya kuiona njia na masikio ya kuisikia mbiu, hilo ni onyo la haki kabisa. Lakini methali hiyo imetoka kwenye nyama ikaingia kwenye fedha za umma, na huko imevaa maneno mapya: "Fedha zipo, ila watu wenye ulemavu hawajitokezi."

Kauli hiyo husikika nchi nzima kila mikopo ya halmashauri inapozungumzwa, iwe mkutanoni au redioni, na sisi wakazi wa Mandewa, Manispaa ya Singida, tumeizoea mpaka tunairudia wenyewe bila kuipima. Anayeitamka huwa hana chuki. Mara nyingi ni mtu mwema aliyeona fungu limetengwa, akaona waombaji wachache, akafunga hesabu. Mimi nasema hesabu hiyo imekosewa. Kauli hiyo inauchukua wajibu wa ofisi na kumtwika mtu ambaye tayari amebeba mzigo mkubwa kuliko sisi sote, kisha inamlaumu kwa kuchelewa njiani.

Niitendee haki hoja hiyo kabla sijaipinga, maana ina mashiko. Tangu mwaka 2018, Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inailazimisha kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani yasiyolindwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo jambo hili liliegemea maelekezo zaidi kuliko sheria, na halmashauri iliyopuuza haikuwa na cha kuogopa. Kanuni zikatungwa mwaka 2019. Zilipoonekana kuwabana watu wenye ulemavu kwa sharti la kuwa kikundi, zikarekebishwa hata mtu mmoja akaruhusiwa kukopa peke yake. Kwa hiyo mtetezi wa kauli ile atakuambia: sheria ipo, fungu lipo, riba hakuna, kikundi si lazima. Kilichobaki ni mtu kunyanyuka na kwenda kuomba.

Kunyanyuka na kwenda. Hapo ndipo tuanzie.

Tumfikirie mwanamke mmoja wa Mandewa. Si mtu halisi, lakini kila msomaji anamjua anayefanana naye. Polio ilimlemaza miguu utotoni. Anatumia baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, na nyumba yake iko nyuma ya mawe makubwa ambayo Singida inajulikana kwayo, njia yenyewe ni mchanga. Anataka kufuga kuku wa kienyeji, biashara ambayo mkoa huu umejijengea jina mpaka Dar es Salaam. Amesikia kuna mkopo. Anaanza safari.

Safari ya kwanza ni kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua ya utambulisho. Ya pili ni kufuatilia kitambulisho cha taifa. Ya tatu ni benki kufungua akaunti. Ya nne ni kwa afisa maendeleo ya jamii kuelezwa utaratibu. Ya tano ni steshenari, kumlipa kijana amwandikie andiko la mradi na kuingiza maombi kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa kuwa hana simu ya kufanya kazi hiyo. Ya sita ni kuulizia maombi yamefikia wapi. Akibahatika, ya saba ni kusaini mkataba. Nimehesabu safari saba, na nimehesabu kwa ukarimu: kila mahali amemkuta mhusika, kila mahali karatasi yake imetosha, na hakuna aliyemwambia arudi kesho.

Mwenye miguu mizima akiambiwa "njoo kesho" anapoteza asubuhi. Mwanamke huyu anapoteza nauli ya bajaji kwenda na kurudi, pamoja na kibarua cha siku nzima cha mwanawe aliyemsindikiza ili amwinue kwenye ngazi. Neno lile lile limetamkwa kwa watu wawili kwa sauti ile ile, lakini mmoja ametozwa mara kadhaa zaidi ya mwenzake. Anayesema "hawajitokezi" amewahi kuhesabu kujitokeza kunagharimu kiasi gani?

Huyo ni mwenye ulemavu wa viungo. Kiziwi anafika ofisini hakuna anayejua lugha ya alama, basi anaandikiana vikaratasi na afisa mwenye foleni nyuma yake. Ikiwa hakupata shule, hata vikaratasi havimsaidii. Inabidi aje na ndugu, na siri zake za fedha zinakuwa za ndugu. Asiyeona anawekewa mkataba wa wino wa kawaida aweke dole gumba kwenye deni ambalo hajalisoma, kwa kuwa hakuna nakala ya nukta nundu. Mwenye ualbino akikuta foleni imetoka nje ya jengo, anasimama kwenye jua la Kanda ya Kati, jua lile lile ambalo daktari alimwambia alikimbie kwa kuwa linaweza kumletea saratani ya ngozi. Watu hawa walijitokeza. Walipofika, ofisi haikuwa imejiandaa kuwapokea, na waliporudi nyumbani wakaandikwa kwenye hesabu ya wasiojitokeza.

Mtu atasema ninakuza mambo, kwamba hizi ni shida za kawaida za ofisi na kila Mtanzania anazipitia. Namjibu kwa jambo ambalo sote tulilishuhudia. Agosti 2022 Serikali ilifanya Sensa ya Watu na Makazi. Makarani walipita kaya kwa kaya, na miongoni mwa maswali waliyouliza ni kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Matokeo yakatangazwa: katika kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, 11 hivi wana ulemavu wa aina fulani. Asilimia 11.2, kwa usahihi zaidi. Watu hao walipatikana wapi, ikiwa hawajitokezi? Walipatikana nyumbani kwao, kwa sababu siku ile Serikali iliwafuata.

Mwaka huo huo wa 2022, baada ya polio kuripotiwa Malawi, wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba nchini kuwapa watoto matone ya chanjo. Hawakukaa kituoni wakisubiri kina mama wajitokeze. Walijua kwamba mama aliye mbali zaidi ndiye mwenye mtoto anayehitaji zaidi, wakabeba vibebeo vyao vya chanjo wakamfuata. Ilikuwa kazi njema na ninaipongeza kwa moyo wote. Lakini tazama tulichokifanya: tumeweza kubisha kila mlango ili mtoto asilemazwe na polio, na hatujaweza kubisha mlango wa mwanamke ambaye polio ilishamlemaza. Mlango ni ule ule na mtaa ni ule ule. Uwezo wa kufika tunao, maana tumeuona kwa macho. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba mtu huyu naye ni wa kufuatwa.

Wala sheria haikukusudia asubiriwe. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliagiza ziundwe kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, kupanda kata, halmashauri mpaka mkoa. Kamati ya mtaa iliwekwa kwa kuwa mtaani ndiko mtu anakojulikana kwa jina. Mjumbe wa mtaa anajua nani ana mtoto asiyetembea, nani amepofuka uzeeni, nani amefungiwa chumba cha nyuma kwa aibu ya familia. Palipo na kamati hai, swali la nani anahitaji nini lina jibu kabla ya mtu yeyote kupanda bajaji. Kwa hiyo ninaposikia "hawajitokezi," ninataka nimuulize msemaji swali moja la adabu: kamati ya mtaa wako ilikutana lini mara ya mwisho, na iliandika majina ya nani?

Sasa nifike kwenye kosa la pili la kauli ile, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Inaita mkopo kuwa ni msaada. Watu huzungumza kana kwamba asilimia 2 ndiyo posho ya watu wenye ulemavu, na asiyeichukua amekataa kusaidiwa. Mkopo usio na riba ni jambo jema, lakini ni deni. Unarudishwa. Mwanamke wetu akinunua vifaranga kwa fedha ile na mdondo ukapita bandani, kuku wote wanakufa kwa wiki moja na deni linabaki zima. Jirani yake asiye na ulemavu akipatwa na hayo atakwenda kubeba matofali au kulima kibarua shamba la alizeti mpaka alipe. Yeye atakwenda kubeba nini?

Na kuna ambao mkopo hauwagusi kabisa. Mama mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, asiyeweza kukaa wala kula mwenyewe, anakwenda naye hospitali, anamgeuza usiku, anamlisha kwa saa nzima. Hawezi kwenda sokoni wala shambani kwa sababu mtoto hawezi kuachwa. Hata akiruhusiwa kukopa kwa niaba ya mtoto, atafanya biashara saa ngapi? Anachohitaji ni fedha ndogo ya kila mwezi, ya uhakika, isiyodaiwa, ya kununulia sabuni, dawa, nepi na saa mbili za msichana wa kumpokea. Fedha ya namna hiyo, inayotolewa kwa haki ya ulemavu wenyewe, kwa Tanzania Bara haipo kwa mtu ambaye hakuajiriwa. Aliyeumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Aliyekuwa akichangia hifadhi ya jamii ana mafao yake. Ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) inaifikia kaya kwa kigezo cha umaskini, na imewasaidia wengi, lakini kaya inaweza kuonekana ina bati na ng'ombe wawili huku mtu mmoja ndani yake akila kipato chote kwa matibabu. Bati haliponyi.

Hapo ndipo wakosoaji wawili husimama. Wa kwanza anasema nchi yetu ni maskini, posho ya walemavu ni ya nchi tajiri. Namwomba atazame majirani. Kenya imekuwa ikilipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, mpango ulioanza 2011 na leo uko ndani ya programu ya Inua Jamii. Hawako peponi: malipo yao hucheleweshwa, na wengi wanaostahili hawajaandikishwa. Lakini haki imeshatajwa kwa jina, na mtu anaweza kuidai. Karibu zaidi, ndani ya Jamhuri yetu hii hii, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa wala kama ni maskini, na baadaye ikaongeza mpaka 50,000. Visiwa havina dhahabu wala gesi inayouzwa. Vilikuwa na uamuzi. Kilichowezekana kwa uzee Unguja na Pemba hakiwezi kuitwa muujiza kikitajwa kwa ulemavu mkubwa Singida.

Mkosoaji wa pili anasema posho itawazoesha watu kuomba, itazaa uvivu. Hoja hii inaniuma kwa sababu inatamkwa na watu wanaojivunia kuchapa kazi, na mimi ninawaheshimu. Lakini imepindua mambo. Mtu mwenye ulemavu hupanda bajaji pale wewe unapotembea, hulipa msaidizi kwa kazi unayoifanya mwenyewe, hununua mafuta ya kujikinga na jua ambayo wewe huyahitaji. Kabla hajaanza kushindana nawe sokoni ameshatumia fedha ambayo wewe umeiweka mfukoni. Posho inamrudisha kwenye mstari ambao wewe ulianzia, na kuanzia hapo atakimbia kwa nguvu zake. Anayetaka kuona watu wenye ulemavu wakijitegemea ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuidai.

Wala hili si wazo la kuazima. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kufanya kazi, kupata elimu, na kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni kweli kwamba ibara ya 7 inazuia mahakama kuamua kama Serikali imetekeleza sehemu hiyo ya Katiba. Lakini jambo lisilodaiwa mahakamani linaweza kudaiwa kwenye mkutano wa mtaa, kwenye baraza la madiwani na kwenye sanduku la kura, na ndiyo maana ninaandika.

Yapo pia ya udanganyifu. Watu watakumbusha kwamba mikopo hii iliwahi kuliwa, kwamba ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilifichua vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, na kwamba ndiyo sababu Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza Aprili 2023 kuisitisha. Ni sahihi, na wizi wa fedha hizo ni dhambi mara mbili. Lakini nani aliadhibiwa? Mikopo ilisimama mpaka Julai 2024, miezi 15, ndipo ikarudi kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikijaribu kuitoa kupitia benki na nyingine zikitumia mfumo ulioboreshwa. Katika miezi hiyo aliyeunda kikundi hewa hakulala njaa. Aliyelala njaa ni yule aliyekwisha maliza safari zake saba akawa anangoja jibu. Kikundi hewa, kwa tafsiri yake, ni cha watu ambao hakuna aliyekwenda kuwaona. Ofisi inayotembea mpaka mlangoni haidanganywi na majina ya karatasini, kwa hiyo dawa ya wizi na dawa ya kutofikiwa ni moja.

Ninachodai basi ni mambo yanayofanyika, na mengine hayahitaji bajeti mpya.

Kwanza, afisa maendeleo ya jamii na afisa ustawi wa jamii wawe na siku ya kila mwezi inayojulikana ya kupita mitaani na fomu mkononi, wakiongozwa na orodha ya kamati ya mtaa. Barua ya mtendaji, maelezo, picha na maombi vikamilike siku hiyo hiyo chini ya mti mmoja. Safari saba za mwombaji ziwe safari moja ya ofisi.

Pili, mkalimani wa lugha ya alama apatikane kwa siku inayotangazwa, na mkataba usomwe kwa sauti kwa asiyeona mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe, mpaka utakapopatikana wa nukta nundu. Mwenye ualbino asipangwe juani. Vyama vyao vipo, shirikisho lao SHIVYAWATA na vyama vilivyo chini yake, CHAVITA cha viziwi na Chama cha Wasioona miongoni mwao. Vitumike kama washauri, visiitwe siku ya sherehe tu.

Tatu, kila mwombaji ajibiwe kwa maandishi, na anayekataliwa aambiwe sababu. Kwenye ubao wa matangazo wa kila kata ibandikwe hesabu nyepesi: asilimia 2 ya mwaka huu ni shilingi ngapi, wameomba wangapi, wamepata wangapi. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1 ya mapato yasiyolindwa, fungu hili ni milioni 20. Mtu wa darasa la saba anaweza kulifuatilia akionyeshwa.

Nne, tutenganishe mkopo na msaada. Mkopo ubaki kwa anayetaka kufanya biashara na anaweza. Kwa wenye ulemavu mkubwa na wanaowalea, Tanzania Bara ianze posho ya kila mwezi, hata kama itaanza ndogo na kwa wachache. Zanzibar nayo ilianza na 20,000.

Sisemi haya kuwashutumu watumishi. Afisa wa kata anayehudumia mitaa kadhaa bila pikipiki naye ni mtu aliyetwikwa, na wengi wao wametoa nauli mfukoni mwao kwa ajili ya mtu waliyemhurumia. Ninaloshutumu ni utaratibu unaomwachia mwombaji safari zote, na kauli inayoufanya utaratibu huo uonekane wa haki.

Mandewa ni kata ya kuanzia. Hapa imejengwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, kwa hiyo watu wenye ulemavu na walezi wao kutoka mkoa wenye watu zaidi ya milioni 2 wanapita kwenye njia zetu kila juma. Ofisi ikitaka kuwaona, haiendi mbali.

Katika mila zetu, hodi hupigwa na anayekwenda, na mwenye nyumba huitikia karibu. Hatujawahi kumlaumu mwenye nyumba kwamba hakujitokeza wakati hakuna aliyepiga hodi. Lile fungu la asilimia 2 halikutengwa kwa wanaowahi. Lilitengwa kwa sheria, kwa mtu anayejulikana, na litabaki lake hata kama leo hakuweza kutoka nyumbani. Mwaka 2022 tulizipa nyumba namba katika operesheni ya anwani za makazi, karani wa sensa akamkuta ndani, mchanjaji akamkuta ndani. Bado yumo. Ofisi ipige hodi.